Usisahau Amavi

Jana nilikamua ndimu kwa mikono mitupu! Niliikamua juu ya mukeke, yule samaki wetu wa ziwani, maji yake yakateremka mpaka kiganjani, yakaingia katikati ya vidole, na wala sikuruka. Nilisimama pale jikoni nimekunja uso, nikisubiri maumivu kama mtu anayesubiri kofi. Hayakuja. Nikachukua ndimu nyingine ambayo hata haikuhitajika, nikaikamua nayo kwa raha zangu. Mume wangu Donati alipokuja kula alilalamika kwamba samaki amekuwa mchachu kupita kiasi. Nikamwambia ale anyamaze, hiyo ilikuwa ndimu ya sherehe.

Kama huoni cha kushangilia hapo, mshukuru Mungu kwa ngozi yako. Lakini kama umewahi kuamka ukakuta vidole vimepasuka kama udongo wa shamba lililokosa mvua, au kama umewahi kuvaa mikono mirefu katika joto hili la Rumonge ili watu wasikuulize kitu, basi nakuandikia wewe. Nitakueleza yote, hata ya aibu. Tena hasa ya aibu, maana bila hayo nisingefika hapa nilipo.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Mama yangu ni Mnyamwezi. Baba alikuwa Mrundi aliyekimbilia huko zamani, akafariki kabla sijapata akili ya kumuuliza maneno ya kwao. Donati nilikutana naye Tabora alipokuwa anatengeneza pikipiki, tukaoana, kisha akanileta kwao Rumonge nikiwa na Kiswahili changu tu mfukoni. "Usiogope, kule Kiswahili kipo," aliniambia. Ni kweli kipo! Sokoni, ufukweni, stendi, kila mahali wanakisema. Ila ni Kiswahili kilichomuoa Kirundi, na kina nyumba ndogo ya Kifaransa. Miezi ya kwanza nilikuwa nacheka watu wanapocheka, halafu namuuliza Donati kwa pembeni tumecheka nini.

Nikapata kazi ya kutengeneza sabuni. Ukanda wetu wote huu ni michikichi, na panapokamuliwa mawese sabuni haiko mbali. Tulichemsha mafuta, tukachanganya na ile soda kali, tukakoroga mpaka uji ukawa mzito, tukamimina kwenye fremu za mbao. Ikiganda, tulipiga magoti sakafuni tukaikata vipande. Glavu zilikuwepo, lakini zilikuwa na matundu mengi kuliko chandarua cha zamani. Nilifanya kazi hiyo mpaka mimba ikawa kubwa. Binti yetu Keza akazaliwa mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimekolea, na alipoanza kukaza shingo nikarudi kukata sabuni.

Ilianza kwa kuwasha kati ya vidole. Nikasema ni joto. Halafu vikatoka vipele vidogo vya maji, vikapasuka, ngozi ikawa nene na nyekundu, ikaanza kuchanika kwenye kila kiungo. Baada ya mikono yakafuata magoti, kwa sababu ya ile sakafu iliyolowa soda. Mvua kubwa za masika zilipofika nilikuwa siwezi kufunga ngumi. Siwezi kukamua nguo. Siwezi kumenya hata muhogo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na sitaeleza zaidi. Kanisani wenzangu walipopiga magoti mimi nilibaki nimekaa kama mgeni rasmi, na najua kuna walioona nimeanza majivuno.

Tulienda hospitali mimi na mama mkwe wangu, ambaye namwita Mama tu, akiwa amembeba Keza. Watu walijaa kwenye benchi mpaka nje chini ya bati. Mvua ilikuwa inapiga, kila mtu amejikunyata. Nilikuwa nimefunga mikono kwa kitenge, lakini kilishika kwenye vidonda, nikakifungua ili nipulize. Mwanamke wa pembeni yangu, aliyekuja na mtoto na kikapu cha ndagala, dagaa wa huku, akanitazama vidole.

"Mama," akaniuliza taratibu, "ni imibembe?"

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kuna Wabembe, na hapa Rumonge wapo wengi. Nikaona ni mtu mwema anayetaka kujua kabila langu ili tuongee, muda uende. Nikatabasamu.

"Hapana, mama. Mimi si Mbembe. Mimi ni Mnyamwezi, wa Tabora kabisa."

Yule mwanamke akamhamisha mtoto wake upande wa pili, kisha akahamisha na kikapu. Mzee mmoja akasimama, ingawa zamu yake ilikuwa bado. Nilishangaa jinsi nilivyopata nafasi ya kunyoosha miguu ghafla. Na Mama akanyanyuka na Keza mgongoni, akaenda kusimama mlangoni ambako mvua ilikuwa inamrushia matone. Nikadhani anatafuta hewa.

Donati ndiye aliyenieleza nyumbani, huku akitazama chini. Imibembe ni ukoma.

Muuguzi aliyenipokea siku ile, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alinishika mikono bila kusita. Akagusa vidole kwa pamba, huku nimefumba macho, akiniuliza nasikia wapi. Nilisikia kila mahali, tena zaidi ya nilivyotaka! Akamwita Mama aingie ndani.

"Mukecuru, bibi, sikia. Hii siyo imibembe. Ni ngozi tu yenye imekasirika na soda ya sabuni. Haiambukize. Mutoto ashike, anyonye, alale naye. Haiambukize."

"Ego, muganga," Mama alijibu. Ndiyo, daktari. Lakini mikono yake ilikaza kitenge alichombebea Keza.

Nikapewa pomadi ya kupaka, nikakatazwa kazi ya sabuni, nikakatazwa sabuni yenye manukato, nikaambiwa nirudi. Na nyumbani Mama akaanzisha utaratibu wake. Keza akilia njaa, analetwa. Mama anamweka mwenyewe kwenye paja langu, juu ya kitenge kilichokunjwa. Mimi mikono nyuma. Keza ananyonya akinitazama, vidole vyake vidogo vinatafuta kitu cha kushika, na mimi nimejishika mwenyewe mgongoni kama mfungwa. Akishiba, anachukuliwa. Kuogeshwa ni Mama, kulazwa ni Mama, kubebwa ni Mama.

"Bado kidogo," alikuwa anasema kila nilipomwomba. "Upone kwanza, Mama Keza. Bado kidogo."

Sikumchukia. Ukweli ni kwamba siku nyingine nilimchukia sana! Nilimsikia akimwimbia upande wa pili wa ukuta, Keza akicheka kwa kicheko kipya ambacho mimi sikumfundisha, nikauma mto. Donati alikuwa katikati kama nati kati ya spana mbili. Akimtetea mama yake nalia, akinitetea mimi mama yake anaacha kula. Na yeye mwenyewe akawa ananigusa begani tu, kwa ncha za vidole, akiogopa kuniumiza. Inaweza kuwa aliogopa na kingine, sikumuuliza. Nilichojua ni kwamba miezi inapita na mwanangu anaizoea mikono mingine. Siku moja Mama alipomwinua kutoka kwenye paja langu, Keza alimrukia kwa furaha, mikono yote miwili juu. Nikaelewa kwamba nisipopona upesi, nitapona nikiwa mgeni kwa mtoto wangu.

Pomadi ilisaidia. Wekundu ulipungua, vidonda vikaanza kufunga. Lakini kuwasha, jamani! Mwenye kujua kuwasha anajua. Unajikuna mpaka unatoa machozi ya raha, halafu unaona damu, unaanza upya. Kila kidonda kilichofunga kilifunguka kwa kucha zangu mwenyewe.

Ndipo mteja mmoja wa Donati, mwendesha pikipiki wa Kizuka, akamwambia kuhusu shangazi yake, Mama Sabina, anayeosha ngozi za watu kwa umuravumba. Ni kichaka chenye majani laini yenye manyoya, ukiyashika yananata, na harufu yake inakupanda puani mpaka kichwani. Watu wa huku wanautumia kwa kikohozi, kwa homa, na kwa ngozi inayowasha. Nilitaka twende siku ile ile, lakini Donati alisema tumuulize muuguzi kwanza, na siku ya kurudi hospitali tukamuuliza. Akacheka.

"Umuravumba? Mimi mwenyewe nilioshwa nayo nikiwa mutoto, nikitoka malengelenge ya joto. Itakupoza. Lakini maji ichemke vizuri, ipoe, kitambaa ikuwe safi. Jaribu pahali padogo kwanza. Penye kidonda iko wazi, usiweke. Na pomadi yangu usiache! Majani ni ya kutuliza, pomadi ni ya kutibu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilitoka pale nimejaa matumaini, na kwenye benchi nikaketi makusudi katikati ya watu kumsubiri Donati.

Siku iliyofuata yule mwendesha pikipiki alileta gunia la majani. Nyumba nzima ikanuka kama duka la dawa! Donati alikuwa kazini, Mama yuko uani na Keza, nami nikachukua simu kumpigia Mama Sabina anielekeze. Simu yangu ilikuwa na salio la kubembeleza na mtandao ulikuwa unakohoa.

"Amahoro, mwana wanje," sauti ikaja kutoka Kizuka, kubwa na ya furaha, ikinisalimu na kuniita mwanawe. Nikajitambulisha.

"Ee, bibi ya Donati! Sikia. Ponda majani, chemusha, acha ipoe. Osha mikono asubuhi na mangaribi. Usisugue. Acha ikauke yenyewe."

"Sawa, Mama."

"Na amavi. Usisahau amavi."

Nikadhani mtandao umeharibu neno. "Nini, Mama?"

"Amavi! Donati alimwambia mutoto wetu wa pikipiki, eti amavi yako ni mabaya sana. Kuliko mikono!"

Damu ikanipanda usoni. Donati! Kumbe huko gereji anakaa na watu wa pikipiki anawasimulia mambo yangu ya chooni! Nikashusha sauti, nikageukia ukuta.

"Mavi ya nani, Mama?"

"Yako! None, sasa ya nani? Utapaka ya jirani?"

"Nipake... mimi mwenyewe?"

"Asubuhi na mangaribi. Paka kabisa, usione haya, uko mu nyumba yako. Hata mimi nilipaka yangu mwaka jana, sasa natembea kama musichana."

Salio likakata.

Nilikaa chini karibu na lile gunia. Nataka unielewe vizuri hapa, wewe unayesoma na ngozi yako inawaka. Mtu mzima, mwenye akili zake, niliyesoma mpaka sekondari, nilikaa pale nikafikiria. Kwetu Tabora nimeona watu wakisiliba nyumba kwa samadi ya ng'ombe, na nyumba zinapendeza. Lakini hii! Nikajiambia hapana, haiwezekani, muuguzi aliniambia kitambaa kiwe safi. Halafu uani Keza akacheka kile kicheko chake. Nikajiuliza, na kama ndiyo njia? Kama ndiyo bei ya kumshika? Nakwambia kweli, kwa dakika kadhaa nilikuwa tayari. Naona haya kuandika, lakini mama yeyote aliyekaa na mikono nyuma huku mwanaye ananyonya hatanicheka kwa hilo.

Kisha hasira ikaja ikaniokoa. Donati alipoingia, hata kofia hajavua, nikamdaka.

"Umewaambia nini watu wa Kizuka kuhusu mavi yangu?"

"Mavi gani?"

"Usiniulize mavi gani! Yule mama kaniambia umesema ni mabaya sana, kuliko mikono! Tena kasema nijipake!"

"Mimi? Mimi nijue wapi mavi yako?"

Tulikuwa tunapiga kelele kiasi kwamba Mama alikuja mlangoni. Alikuwa amemlaza Keza kwenye mkeka, uso wake una wasiwasi. Nilipomwona, yote niliyokuwa nimeyabana tangu mvua za masika yakatoka kwa pamoja.

"Na wewe Mama! Najua unanichukia, najua unaniona mchafu, mtoto umenichukulia. Lakini kuambiwa nijipake mavi yangu mwenyewe, hapana! Hiyo hapana!"

"Ewe Mana, Mungu wangu," Mama akasema. "Nani alikwambia ujipake mavi?"

"Mama Sabina! Kwa simu, sasa hivi!"

"Alisema namna gani? Sema vile alisema."

Nikamwigiza, kwa hasira, na lafudhi yake yote: "Na amavi. Usisahau amavi. Amavi yako ni mabaya sana. Paka asubuhi na mangaribi."

Donati akageuka akatazama ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama alinitazama, akatazama lile gunia, akanitazama tena. Kisha akacheka. Sijawahi kuona mtu mzima akicheka vile! Alijishika kiuno, akashika fremu ya mlango, kilemba kikadondoka, akashuka mpaka chini sakafuni pale nilipokuwa nimekaa, machozi yanamtoka, anajaribu kusema na hawezi.

"Amavi," akasema. "Amavi! Mwana wanje... amavi ni haya!"

Akanipiga magotini kwa viganja vyote viwili.

"Haya! Magoti! Kirundi! Amavi ni magoti! Haya hapa! Haya ndiyo yako!"

Akanishika magoti, la kulia na la kushoto, akawa anayatikisa huku anacheka, na mimi nikaelewa, nikakumbuka Mama Sabina alivyosema anatembea kama msichana, nikaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na Donati alikuwa ameshaegemea ukuta hana nguvu.

Halafu Mama akanyamaza. Alikuwa ameona mikono yake ilipo.

Kitenge changu kilikuwa kimepanda. Viganja vyake vilikuwa juu ya ngozi yangu, juu ya magamba na mipasuko na pomadi. Tangu ugonjwa uanze hakuwahi kunigusa, hata kwa bahati mbaya. Nilimwona akiwaza kuitoa mikono yake. Donati naye aliona, akaacha kucheka.

Hakuitoa.

"Iko na moto," akasema polepole. "Ngozi yako iko na moto kweli. Yoo. Inakuuma hivi kila siku?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Masenge, dada ya baba yangu," akasema, "imibembe ilimumaliza vidole. Mimi nilikuwa mutoto, niliona. Watu walikuwa wanamuachia chakula mbali, mu njia. Hakuna mwenye alimushika mpaka alikufa. Nilipoona mikono yako nilimuona yeye. Nikasema, Keza hapana. Nisamehe, Mama Keza. Muganga alisema, na mimi nilisikia, lakini roho ilikataa kusikia."

Nikamwambia nimesamehe. Hata sikufikiria, neno lilitoka lenyewe. Mambo mengi yanaweza kufanyika mtu akiwa amecheka namna ile.

Jioni ile ile akaponda majani mwenyewe. Tukajaribu kwanza mahali padogo, ndani ya kiwiko, kama tulivyoagizwa, na tukasubiri mpaka kesho yake. Ngozi ilitulia, hakuna kipya kilichotoka. Basi akachukua beseni, akaniketisha kwenye kigoda, akaanza na amavi. Alichovya kitambaa katika yale maji ya kijani, akakiweka juu ya goti bila kusugua, akazunguka pale palipokuwa wazi. Baridi! Ubaridi ule uliingia ndani, ukaukuta ule moto, ukaukalisha chini. Nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini. Mama akamjibu kwa sauti kwamba mkwe wake anapakwa mavi. Habari ile ilifika hadi mji wa Minago kabla ya jua kuzama, nina hakika.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kiangazi. Asubuhi maji ya umuravumba, kisha pomadi. Jioni tena. Sikujikuna, na nilipotaka kujikuna Mama alinipiga kidogo kwa kile kitambaa. Kwanza kuwasha kulipungua, na kwa sababu sikujikuna vidonda vikafunga, na vilipofunga vikabaki vimefunga. Ngozi nene ikaanza kutoka vipande vipande, chini yake ikawepo nyingine, nyembamba na ya waridi kama ya panya mchanga. Nilikuwa namwonyesha kila mtu! Nilimwonyesha hata muuza maandazi, ambaye hakuwa ameuliza. Kuna wiki ilirudi nyuma, baada ya kufua kwa sabuni ya unga kwa ubishi wangu, nikalia kama mtoto, muuguzi akanigombeza, tukaanza upya. Lakini haikufika tena kule ilikokuwa.

Katikati ya kiangazi Donati alinipeleka Kizuka kwa pikipiki, nikiwa nimekunja magoti bila kuumia, nikashukuru. Nilitaka kumwona Mama Sabina kwa macho. Alikuwa mbele ya nyumba akianika mihogo, na aliponiona tu akapiga kofi.

"Ni wewe wa amavi!"

Akanionyesha vichaka vyake. Majani yalikuwa yamepukutika karibu yote, lakini matawi yalikuwa yamejaa maua madogo ya zambarau hafifu, mengi mno, na nyuki wanavuma humo mpaka ukisimama karibu unasikia kifuani. Sikujua kwamba mmea ule unatoa maua wakati kila kitu kingine kimekauka. Nilisimama pale nimeyakumbatia matawi kwa mikono yangu mipya kama mwendawazimu, na Mama Sabina akasema nisimfukuzie nyuki.

Sisemi umuravumba ndio ulioniponya peke yake. Kuacha soda kuliniponya, pomadi iliniponya, majani yalinituliza mpaka vile vingine vikapata nafasi ya kufanya kazi. Nenda hospitali. Nenda mapema, usikae na kitenge mkononi kama mimi. Ukipewa majani, muulize anayekutibu, na jaribu padogo kwanza. Ukiambiwa neno usilolielewa, uliza tena, hata kama ni la aibu, hata kama ni mara ya tatu! Na kama kuna mtu nyumbani kwenu mwenye ngozi iliyoharibika, mguse. Dawa nyingine zote anaweza kuzipata mwenyewe, hiyo hawezi.

Nimebakiza jambo moja.

Muuguzi alipoitazama mikono yangu mara ya mwisho, aliniambia niko huru. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani nikikimbia nusu ya njia. Mama alikuwa uani na beseni la maji ya vuguvugu, Keza amevuliwa nguo, amekaa kwenye mkeka anapiga mapaja yake. Nikasimama. Nilikuwa namshika siku hizo, ndiyo, lakini kidogo, kupitia kitambaa, na mara nyingi mbele ya Mama nilisubiri kuambiwa.

"Mugongo inaniuma leo," Mama akasema bila kunitazama. "Njoo uogeshe mutoto wako."

Mgongo wake haukuwa unauma. Asubuhi ile alikuwa amebeba ndizi kutoka sokoni.

Nikapiga magoti kwenye mkeka. Nikamwinua Keza kwa mikono mitupu, chini ya makwapa, nikamtia majini. Alikuwa mzito! Amekuwa mzito hivi tangu lini? Alikuwa anateleza, mafuta ya mtoto na maji, na mimi nilikuwa nasikia kila kitu, mikunjo ya shingo, mbavu ndogo, mapigo ya moyo wake kwenye kiganja changu. Nilimwosha kisigino. Nilimwosha nyuma ya masikio. Nilimwosha pale palipokwisha kuoshwa. Alinitazama kwa makini, kama anayehesabu, kisha akashika kidole gumba changu, akakivuta mdomoni, akakitafuna kwa yale meno yake mawili. Nilimwachia atafune.

Maji yalipopoa nikamtoa, nikamfunga taulo, nikamweka begani. Na Mama, kwa mazoea ya miezi yote ile, akanyoosha mikono kumchukua ili akamvalishe. Sikumlaumu, ni mazoea. Nikaanza kumpa.

Keza akageuza uso. Akauficha shingoni kwangu, akanishika nguo kwa ngumi zote mbili, akakataa.

Mama alibaki na mikono hewani. Nilimwona akiumia, kidogo, na nilimwona akifurahi, vyote kwa pamoja kwenye uso mmoja. Akairudisha mikono, akaifuta kwenye kitenge chake.

"Aya," akasema. "Sasa anajua nani ni mama yake. Nguo zake ziko mu kikapu, ile ya bulu ndiyo anapenda."

Nikaenda na Keza ndani kumvalisha.